Nyasi za Kalenda

Miaka hiyo nilikuwa na kompyuta pale Garsen, jenereta ikinguruma nje, wafugaji walipotaka kalenda yenye picha ya ng'ombe wao. Mpiga chapa wa Mombasa aliagiza picha ipite kidogo ukingo wa karatasi, ili kisu kikikata kusibaki ukanda mweupe. Nikamweleza mzee mwenye ng'ombe kwamba yule wa pembeni atapoteza mkia.

"Ng'ombe yangu haikatwi na mtu ya Mombasa," akasema, akajikalia kwenye benchi.

Nilipandwa na hasira. Karatasi tu hiyo! Lakini mzee hakuinuka. Basi nikanakili nyasi chache zilizokuwa miguuni pa ng'ombe, nikazibandika pembeni kipande kwa kipande, mpaka kisu kikapata cha kukata bila kugusa mkia. Faili ikaingia kwenye diski, diski ikapanda basi.

Kalenda ziliporudi, mzee alipitisha kidole juu ya kila ng'ombe hadi ule mkia. Kisha akaziona nyasi zangu, akaangua kicheko.

"Binti yangu, hapa ilikuwa vumbi tupu. Mvua yako mzuri sana. Sasa peleka na Bangale, huko bado kavu."