Tonge la Baba

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka huisukuma sahani kando. Nilikuwa msichana ambaye bado hajaposwa, hapa hapa Pasiansi, na baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi pale mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki. Mkono wake wa kulia ulijulikana. Akishika randa, mbao ilitii.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Alirudi kutoka hospitali akiburuta mguu, na mkono ule ule wa kulia ukining'inia. Sisi tukawa tunaukanda kwa maji ya moto na kuupaka samli, kana kwamba ugonjwa umo humo. Mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja mpole, akatuambia, "Mkono wa baba ni mzima. Kilichoumia ni ubongo, upande wa kushoto. Amri ya kusogea inatoka huko, inashuka, ikifika chini ya kisogo inavukia ng'ambo kama abiria wa kivuko cha Kamanga, halafu inafuata uti wa mgongo mpaka kwenye msuli. Njia hiyo imebomoka. Ila akiujaribu mkono kila siku, amri hujitafutia vijia vingine. Mwacheni ale mwenyewe, hata akimwaga."

Tukamwitikia ndiyo, ndiyo. Tulipofika nyumbani tukafanya yetu.

Unajua sisi Wasukuma na ugali. Mtu mwenye adabu hali kwa mkono wa kushoto, na wa kulia wa baba ulikuwa unadondosha. Wageni walikuja kumpa pole kutwa nzima. Tungewaachaje wamwone mzee mzima ana mchuzi kifuani? Basi nikamlisha mimi, na watu wakanisifu kuwa nina moyo. Sifa ni tamu, mwanangu. Nilizila nikashiba.

Siku hiyo ninayokwambia niliingia ndani nikamkuta baba peke yake na sahani ya ugali na samaki, sato. Vidole vyake vilikuwa vimefumbata tonge. Kweli vimefumbata, vinatetemeka, jasho linamtoka, na mkono umeanza kuinuka kutoka gotini. Nje nikasikia wageni wanapiga hodi. Nikalitoa lile tonge vidoleni, nikamfuta mkono, nikamlisha upesi upesi.

Hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema kwa ulimi wake mzito, "Mkono ulikuwa unakuja, mama."

Hakujaribu tena. Shangazi alipokuja kutoka Sengerema miezi kadhaa baadaye aliukuta mkono umejikunja na kukauka kifuani. Akaniuliza, "Nani kakwambia heshima ni kumfanya mzee mtoto?" Papo kwa papo kamba hukata jiwe, lakini mimi kamba yenyewe niliiondoa. Baba alikufa akilishwa.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Akipatwa mtu na kiharusi nyumbani kwako, mkimbize hospitali, na akirudi mwache ahangaike. Kaa karibu asianguke, lakini mikono yako ikalie. Akimwaga, futa. Akichelewa kufunga kifungo, mwambie mgeni asubiri, chai ipo. Usione aibu kwa niaba ya mtu ambaye hajakutuma.

Mungu akuzeeshee wazazi wako, akupe na subira ya kutazama tonge likidondoka wewe umetulia. Na baraka za baba yangu zikufikie, zile alizotamani kuzitoa kwa mkono wa kulia.