Siku Niliyotangulia Kusema

Enzi za Mwingereza, jaji alipokuja Tabora kusikiliza kesi za mauaji hakukaa peke yake. Ubavuni mwake tulikaa raia watatu, wazee wa baraza, na ushahidi ukiisha kila mmoja alitoa maoni: mshtakiwa ana hatia au hana. Uamuzi ulikuwa wa jaji, ila maneno yetu aliyasikiliza sana. Mimi nilikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Ng'ambo, mwenye mdomo kuliko umri. Wa pili alikuwa mkulima wa Urambo, Mkristo wa Kimoraviani, mpole mpaka anakera. Mkubwa wetu alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mzee wa kuheshimika msikitini na sokoni. Yeye ndiye aliyesema kwanza, siku zote.

Mwaka mmoja, kabla kesi hazijaanza, alikuja mama wa Kizungu aliyesomea akili za watu. Alitueleza kwamba kwao kesi wanaamua raia kumi na wawili ndani ya chumba kilichofungwa, wala hairuhusiwi kuwasikiliza. Basi wataalamu hutunga kesi ya uongo, huwapa watu waiamue, nao hukaa kando na kutazama. Nikamwambia huo ni umbea uliosomewa. Akacheka, kisha akatutungia kesi yetu, ya mtu aliyedaiwa kuiba ng'ombe. Kwanza alituita mmoja mmoja, akaandika majibu. Halafu akatuketisha pamoja, akauliza upya, akianza na mzee.

Baadaye alinionyesha daftari lake. Peke yangu nilisema hana hatia, na mkulima vivyo hivyo. Mzee aliposema mbele yetu kwamba mtu ana hatia, sote wawili tukageuka, tena mimi kwa sauti kubwa. Nilikasirika jamani! Nikamwambia hiyo ni adabu, sisi hatumkosoi mkubwa hadharani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakubishana. Aliuliza tu kama kwenye kesi za kweli tunafanya vingine. Jibu nililijua.

Wiki iliyofuata aliletwa kizimbani mfugaji wa kijiji cha Choma. Alikuwa kwenye pombe na shemeji yake, wakagombana, akampiga fimbo moja ya kichwa. Shemeji alikufa kesho yake. Kama alikusudia kuua, ni kitanzi. Mkewe alikaa mlangoni siku zote za kesi, kaka yake kaburini na mumewe kizimbani, na hakuna aliyejua ampe pole ya lipi. Mimi lililonikaa moyoni ni ushahidi wa jirani: baada ya kumpiga, mshtakiwa alimbeba shemeji yake mgongoni mpaka nyumbani, akilia.

Mapumziko ya mwisho, mzee alinong'ona kwamba huyu ameua, hakuna la ziada. Mkulima akatikisa kichwa kukubali. Nikaona yale ya daftari yanajirudia.

Jaji alikuwa na desturi ya kuanzia kiti kilicho karibu naye, kiti cha mzee. Tuliporudi niliwahi, nikakikalia. Mzee akafika, akasimama mbele yangu. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimekaa, Mungu anisamehe. Akaitika marahaba, akaenda kiti cha mwisho.

Nikasema nionavyo: anayekusudia kuua hambebi aliyempiga. Mkulima akasema anakubaliana na aliyetangulia, kama kawaida yake. Mzee akamwambia jaji kwamba alikuja na neno lingine, ameliacha.

Jaji alimfunga yule mfugaji miaka kadhaa kwa kuua bila kukusudia. Mkewe alilia kule mlangoni, na mimi nusura nilie.

Nilimfuata mzee barazani nimwombe radhi kwa utovu wangu wa adabu. Alinizuia kwa mkono. Alisema hajawahi kumsikiliza mtu kabla ya kutoa neno lake. Kila mara aliona tunakubali, akaamini ameona sawa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Wale walionyongwa," akasema. "Niambie kweli, mwanangu. Ni wangapi uliona hawastahili, ukanifuata mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimpenda kiasi hicho.

"Wawili," nikasema.

Akaketi chini, sakafuni, na kanzu yake nyeupe. Nami nikaketi karibu yake, maana wale wawili walikuwa wangu pia.