Madam, Mabata Bukini na Video ya Ziwani

Leo nimelipiza kisasi mbele ya wageni, na sijutii hata kidogo.

Mwezi jana bosi, mume wa madam ninayemfanyia kazi za ndani, alitupeleka Uingereza, mimi na familia yake, huko mashambani, kila siku tukizunguka vidimbwi na viziwa vidogo. Siku moja mabata bukini wakatoka majini, wakatujia mbio.

Madam akamwacha kitinda mimba wake palepale, akatimua mbio. Mimi ndiye niliyembeba mtoto.

Jioni akamwambia mumewe eti ni mimi niliyetoroka.

Nikanyang'anywa simu wiki mbili. Wiki mbili bila kusikia sauti za wanangu, jamani!

Sasa leo, hapa Riyadh, sebule imejaa wageni. Mama mkwe wake pia yupo. Madam akaanza tena: "Huyu Rose aliwaachia mabata mtoto wangu!"

Wakanicheka wote.

Kisha akanipa tableti ya binti yake mkubwa. "Yalla, haya haraka, waonyeshe picha za ziwa kwenye TV."

Sawa, madam.

Hakujua binti yake alirekodi kila kitu. Mimi nilijua.

Nikabonyeza video. Huyo madam anakimbia, kiatu kimoja kimebaki matopeni, mtoto analia nyuma yake, nami namkimbilia.

Wageni wote wakamgeukia madam.

Mama mkwe akaniambia, "Rose, kaa hapa, utueleze."

Nikakaa. Nikaeleza yote kwa Kiarabu changu kibovu, hata ya simu.

Chai ilipoisha, aliyetumwa jikoni ni madam.

Wanaosema ningenyamaza, semeni hapa niwasikie.