Basi la Baba Yake Lakshmi

Haya niliyoyafanya nimeyaficha miaka, hata mume wangu hayajui, lakini leo nayatoa maana nimechoka kuyabeba peke yangu, na mkinicheka, chekeni tu, nimestahili.

Ilikuwa mwaka 2009, nasoma shule ya watu wazima pale Tensta, huku Uswidi, na mwalimu wetu wa jiografia akatupanga wawili wawili, kila mtu amhoji mwenzake kuhusu kijiji alikotoka, wakazi wangapi, barabara ikoje, watu wanasafirije, kisha asimame mbele ya darasa akieleze. Mimi nilipangiwa Lakshmi, mama mpole kutoka India, aliyekuwa amefiwa na baba yake majuzi tu na hakuweza kwenda kumzika. Akaniambia, "Njoo kwangu Kista Jumamosi, nitapika, nikueleze vizuri."

Basi Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na harusi Vårby gård, na mimi nilikuwa kamati ya chakula (mnaijua kamati ya harusi ya Wakenya, ukishaingia umeolewa nayo). Badala ya kusema ukweli nikamtumia ujumbe kwamba nina homa, nikaenda zangu kupika pilau. Jumapili nikaitazama ile karatasi ya maswali, tupu, nikajiambia kijiji ni kijiji, nikajaza habari za kwetu Murang'a na juu nikaandika jina la kijiji chake.

Jumatatu nikasimama kifua mbele. Nikataja idadi ya watu wa kwetu, nikasema barabara ni ya udongo, mvua ikinyesha haipitiki, basi halijawahi kufika, watu wanatembea na mizigo mpaka kwenye lami. Mwalimu akauliza, "Na mgonjwa je?" Hapo ningesema sijui, yangeisha, lakini mimi ulimi wangu naujua. "Anabebwa kitandani," nikajibu, "wanaume wanne, wakipokezana." Darasa zima likasikitika. Consolata, Mrundi niliyekaa naye dawati moja, akaropoka kwa Kiswahili, "Eeh dada, ni kama kwetu kabisa!" nami nikatabasamu kama mtu aliyesifiwa.

Lakshmi akanyoosha mkono. Akaja mbele na picha aliyoitoa mkobani, basi la samawati lililovishwa maua kwenye kioo cha mbele, na mzee mwembamba amesimama mlangoni.

"Huyu ni baba yangu," akasema kwa Kiswidi, akichagua neno moja moja. "Basi linafika. Yeye ndiye aliyeliendesha, tangu sijazaliwa mpaka alipozeeka. Wagonjwa aliwapeleka yeye."

Mwalimu akanigeukia, "Kwani hukumhoji?" Nikasema nilikuwa na homa. Consolata (Mungu ambariki, hakujua lolote) akashangaa, na safari hii kwa Kiswidi, darasa zima lisikie, "Homa? Si wewe uliyetupakulia pilau Jumamosi?"

Kuna aliyecheka nyuma. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Na Lakshmi hata hakukasirika, ndiyo iliyoniua, aliniangalia tu akasema, "Nilipika. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba kuna mtu anakuja kuuliza habari za baba."

Sikulala vizuri wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nikafunga safari mpaka Kista na bakuli la mandazi. Alinifungulia, akanikaribisha chai, tukaongea habari za baridi na za watoto wetu wanaotujibu kwa Kiswidi tukiwasemesha lugha zetu. Picha ya basi ilikuwa ukutani, nyuma yake. Nikajikaza, nikauliza, "Na baba, alikuwa mtu wa namna gani?"

Akanijazia kikombe. "Hayo yalikuwa ya Jumamosi ile," akasema, akanisogezea sukari.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia njoo nikueleze, kamati na ipike bila mimi, pilau na iungue, mimi naenda.