Mwezi Niliouomba kwa Mkuu wa Mifupa

Sikufeli mtihani, lakini alama zangu zilikuwa dhaifu kwa mtu anayetaka kusomea upasuaji wa mifupa. Nafasi za ubingwa huo hapa Maskati ni chache, na wanaoziomba wengi wamefaulu vizuri. Nilikuwa namaliza mwaka wa mazoezi baada ya kuhitimu udaktari. Kilichobaki ni mwezi mmoja tulioruhusiwa kwenda kufanya kazi katika hospitali nyingine, tuichague wenyewe, ili wakubwa wa fani watuone.

Rafiki yangu niliyesoma naye alinishauri niende hospitali ndogo ya mkoani.

"Huko watakupenda," alisema. "Ukienda ile kubwa utakuwa chini ya mkuu wa idara ya mifupa mwenyewe, na yeye ndiye anayekaa kwenye usaili. Akikuona huna kitu, umekwisha."

Alisema kweli. Mkoani nisingejiharibia, lakini pia nisingeonekana na mtu yeyote mwenye kauli. Kwetu Al Amerat nilimweleza mama, naye akanisikiliza huku anachambua mchele. Mama alizaliwa Unguja, na Kiswahili ndicho kinachotawala nyumba yetu.

"Kwani lazima mifupa?" aliuliza. "Nnakuuliza tu. Daktari wa watoto si daktari?"

"Mama, kama nitakosa, bora nikose wameshaniona."

Akarudi kwenye mchele wake. Nikaomba hospitali kubwa siku hiyohiyo, kabla khofu haijanigeuza.

Asubuhi ya kwanza mkuu alinisimamisha mbele ya wenzangu. "Alama zako nimeziona," alisema kwa Kiarabu. "Umefuata nini kwangu?"

Jibu zuri nililoliandaa njiani lilinipotea. "Kazi," nikasema.

Mwenzangu mmoja alicheka. Mkuu hakucheka; alitutangulia wodini.

Tangu hapo kila siku aliniuliza maswali. Mengine niliyapata, mengine yalinishinda, na mwenzangu mwenye alama za juu akayajibu kwa niaba yangu. Mkuu hakusema vizuri wala vibaya. Nikiendesha gari kupanda milima kurudi nyumbani nilikuwa najihesabia makosa.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha alipolazwa msichana wa Kiganda, mfanyakazi wa nyumbani huko Mabela. Alikuwa ameanguka ngazini na kuvunjika mguu chini ya goti. Walimfunga plasta usiku. Asubuhi nilimkuta analia kwa sauti ndogo, shuka ameing'ata.

Nikamsemesha Kiswahili. Alinishika mkono.

"Dokta, huu mguu unataka kupasuka. Wamenipa dawa mara mbili, haisaidii. Madamu anasema mimi nadeka tu."

Nilimnyoosha kidole gumba cha mguu, kidogo tu, akapiga kelele. Nikamuuliza kama anahisi ninapomgusa. Akasema kati ya vidole kumekufa ganzi.

Nilijua ninachokiogopa: uvimbe ulionaswa ndani ya mguu, unaobana damu mpaka nyama inakufa. Nilimwendea daktari wa zamu, mkubwa wangu. Alikuwa na wagonjwa wengi na amechoka.

"Mfupa umevunjika, lazima uume," alisema. "Mwongezee dawa."

"Daktari, naomba tumpigie mkuu."

"Umpigie wewe? Kwa alama zako?"

Uso uliniwaka moto. Kama nimekosea, mwezi wangu wote ulikuwa unakwenda na maji, na pengine ubingwa wa mifupa wenyewe. Lakini yule msichana bado alikuwa analia, nami nikapiga simu. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. "Pasua plasta yote. Nakuja," akakata.

Tuliipasua plasta, maumivu hayakupungua. Mkuu alipofika aliubonyeza ule mguu, mgumu kama ubao, kisha akainama kwa mgonjwa na kumwambia kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Pole mwanangu. Tunakwenda kuufungua huu mguu sasa hivi, upate kupumua." Mwezi mzima sikujua kwamba anakisema.

Katika chumba cha upasuaji alinisimamisha upande wake. Alipoipasua ngozi, nyama ilifutuka nje, bado nyekundu, bado hai.

"Ungechelewa tungeukata," alisema bila kunitazama.

Kwenye usaili, mmoja wa wakubwa aliniuliza kuhusu alama. Sikutafuta visingizio. Mkuu hakuniuliza chochote, na majina ya waliochukuliwa yalipotoka, langu halikuwemo. Nililia ndani ya gari kwenye maegesho. Kesho yake akaniita ofisini.

"Mikono na macho unayo," alisema. "Alama mimi siwezi kukupa. Rudia mtihani, kisha omba tena."

Nilirudia, nikaomba tena. Mwaka uliofuata nilikuwa kwenye gereji moja mtaa wa Ghala, nasubiri gari litengenezwe breki, ujumbe ulipoingia kwenye simu: nimechukuliwa. Nikampigia mama palepale, makelele ya nyundo yamenizunguka.

"Alhamdulillahi," alisema. Halafu nikasikia anavuta kamasi. "Njoo na samaki basi. Leo watu watakuja."