Sala Kabla ya Joka

Kiongozi wa chama chetu cha mchezo wa mtandaoni ni fundi viatu wa Mashimoni, na gundi haimtoki vidoleni hata akishika simu. Zamani joka la mchezoni lilihitaji watu arobaini, wakali kwa wabovu, basi kila jioni aliwasha maiki, akakohoa, akaomba akimtaja kila mmoja wetu kwa jina. Ni mtu wa Kitui, aliyelelewa kanisani. Hata vita vya kwenye simu haanzi bila sala. Siku hizi wenye mchezo wameleta mapango ya watu watano, na zawadi ni zile zile. Wakali wamechaguana, watano watano. Yeye bado anakohoa, bado anataja majina yote, ingawa wengi hawaitikii amina. Wako mapangoni.

Jana nilikuwa kibandani kwake nikingoja kiatu, nikasikia Collins, mkali wetu kuliko wote, akimwita kwenye simu. "Mzae, kuja kwetu. Tumekuwekea nafasi." Fundi alifuta vidole kwenye aproni ambayo ina gundi nyingi kuliko vidole vyenyewe, akatazama kwenye simu majina ya waliobaki: Kaluki wa Kawangware, ambaye simu yake hukwama katikati ya vita, na wengine watatu wasiojua kulenga.

"Nimeshapata watu," akasema.

Akaomba, wakaingia pangoni, wakafa wote mlangoni. Akakohoa, akaomba tena, sala ile ile neno kwa neno, na jina la Collins hakuliruka.