Betri ya Uvunguni

Kosa langu la kijinga ni kwamba nilirudisha betri. Mwenye akili angetoa pole, basi.

Mimi ni fundi magari. Gereji yangu iko uani kwangu, njia ya Mazimbu, na niliichagua kazi hii hasa kwa sababu hailazimishi mtu kuvaa viatu. Mteja mmoja, mchuuzi wa kabichi kutoka Mgeta, aliniletea pikapu yake ikiwa imeua gia boksi. Hela hana. Nikakopa gia boksi dukani, na mwenye duka akabaki na mashine yangu ya kuchomelea kama rehani. Pikapu ikapona, malipo hayakuja. Basi nikafanya tunavyofanya mafundi: gari halitoki mpaka ulipe. Niling'oa betri nikaisukumia uvunguni, nikawa nalala juu ya haki yangu.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa upande wangu. "Lishikilie, fundi," alisema. "Ila likishatoka hapo kwako, usije kunisumbua."

Halafu mjomba wa yule mteja akafariki. Kwa Waluguru mjomba ndiye ukoo wenyewe. Mteja alikuja asubuhi, macho mekundu, ndugu zake wamesimama nyuma yake. Mwili uko mochwari, unatakiwa upelekwe mlimani.

"Kaka, nisitiri. Nikishazika nalirudisha."

Nani anamnyima mtu gari la kubebea maiti? Niliitoa betri, nikaifunga kwa mikono yangu, nikafagia na maganda ya kabichi nyuma kule. Jirani yangu, mama muuza maandazi, akasogea kwenye uzio.

"Fundi, panda nao. Mzikeni, urudi na gari."

Nikamwambia mlimani kuna baridi, na mimi nina kifua. Kifua changu kizima kabisa. Nilikuwa na chai yangu jikoni.

Msiba ulikuwa wa kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa wa uongo ningepata wa kumtukana. Pikapu haikurudi. Sikumpigia, maana mfiwa hadaiwi kabla ya arobaini. Nikakaa kwangu nikijisifia adabu. Arobaini ilipopita simu yake haikupatikana tena. Dereva mmoja akaniambia ameiona ile pikapu Gairo, imebeba karanga, imeshanunuliwa na mtu mwingine.

Nikaenda kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Gairo."

"Sasa umeshikilia nini?"

Nikamwonyesha viganja vyangu, nikidhani atacheka. Hakucheka.

Mwenye duka alichoka kungoja, akaiuza mashine. Sasa mteja akija na bodi iliyopasuka namwelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, na wengi wakishaelekezwa hawarudi. Uani pamebaki mafuta machafu na kuku. Uvunguni kuna alama ya mraba pale asidi ilipokula saruji. Nikilala najua ipo.

Jana nilimlalamikia jirani kwamba msiba wa watu umenimaliza. Hakuacha kukanda unga.

"Usiusingizie msiba," alisema. "Ungepanda nyuma ukakaa na jeneza kama wenzio, leo mashine ungekuwa nayo. Wewe ni mvivu wa kutoka nyumbani. Haya, kaa sasa."